Usiku waamuzi sita walipoteta mara mbili

Mpira wa besiboli alioupiga Alex Rodriguez wa New York Yankees haukuwa na nguvu yoyote. Ulitambaa tu kwenye nyasi, kati ya kilima cha mrushaji na mstari wa beisi ya kwanza, kituo cha kwanza cha mkimbiaji, kama mpira uliomponyoka mtoto. Mrushaji wa Boston, Bronson Arroyo, akaukimbilia, akauokota, akamgeukia Rodriguez aliyekuwa anakuja mbio. Kilichobaki ni kumgusa tu ili awe auti, yaani zamu yake iishie hapo. Akanyoosha mkono wenye glavu. Rodriguez, bila kupunguza mwendo, akaupiga ule mkono kibao. Mpira ukachomoka kwenye glavu na kubingirika zake kuelekea pembeni, upande wa kulia wa uwanja.

Derek Jeter, mwenzake Rodriguez aliyekuwa amesimama beisi ya kwanza, hakusubiri kuambiwa. Alizunguka beisi zote mpaka ya mwisho, iitwayo nyumbani, pointi ikaingia. Rodriguez naye akatua beisi ya pili. Mwamuzi wa beisi ya kwanza, Randy Marsh, alikuwa ameshatoa ishara kwamba mkimbiaji yuko salama. Mashabiki zaidi ya 50,000 wa New York Yankees wakalipuka kwa shangwe.

Baada ya muda mfupi Rodriguez alitangazwa auti, Jeter akarudishwa beisi ya kwanza, na ile pointi ikafutwa. Hakuna picha ya televisheni iliyotumika, wala mtu yeyote aliyekaa mbele ya skrini. Waamuzi sita walikusanyika duara katikati ya uwanja, wakanong'onezana, wakatoka na uamuzi mwingine. Na usiku ule hiyo ilikuwa mara yao ya pili kufanya hivyo.

Nimekichagua kisa hiki cha besiboli ingawa swali ninalotaka kulijibu huulizwa zaidi kwenye softiboli, ndugu yake wa karibu: mwamuzi akishatoa uamuzi, mwenzake anaweza kuubadilisha? Taratibu za kushauriana katika michezo hii miwili zina mzizi mmoja, na sijui mchezo mwingine ambao kila upande wa utaratibu huo ulionekana waziwazi katika jioni moja.

Ilikuwa 19 Oktoba 2004, Yankee Stadium, mtaa wa Bronx. Ulikuwa mchezo wa sita wa kuwania ubingwa wa ligi ya American, na anayeshinda michezo minne ndiye anayesonga mbele kwenda World Series, fainali ya ligi kuu. Yankees walishinda mitatu ya mwanzo. Boston Red Sox wakashinda wa nne katika awamu ya 12 na wa tano katika awamu ya 14, ilhali mchezo wa kawaida una awamu tisa. Hakukuwa na timu ya ligi kuu iliyowahi kulala 3-0 kisha ikaamka na kushinda mfululizo wa michezo saba. Kwa hiyo kila ishara ya mkono wa mwamuzi usiku ule ilikuwa na uzito wa gunia.

Sisi tuliokulia kwenye soka tunapaswa kwanza kusahau kitu kimoja. Katika soka refa ni mmoja, na washika vibendera ni wasaidizi wake. Akipenda atawasikiliza, asipopenda atawapungia mkono na mchezo utaendelea. Kwenye besiboli na softiboli uamuzi una mipaka kama shamba. Mwamuzi aliye nyuma ya mdakaji ana shamba lake, wa beisi ya kwanza ana lake, wa beisi ya tatu ana lake, na katika shamba lake kila mmoja ni refa kamili. Hata mkuu wa kikosi cha waamuzi haruhusiwi kuvuka mpaka na kung'oa uamuzi wa mwenzake kwa sababu tu yeye ameona vingine.

Kanuni ya besiboli iliyotumika wakati ule ilisema hivyo bila kuzunguka: mwamuzi asimkosoe mwenzake, asitafute kuugeuza uamuzi wake wala kuuingilia, mpaka mwenye uamuzi mwenyewe amwombe. Kocha akilalamika, aliyetoa uamuzi anaweza kuwauliza wenzake wana taarifa gani kabla ya kusema neno la mwisho. Kanuni nyingine ilishughulikia hali ambapo waamuzi wawili wametoa maamuzi mawili tofauti kwa tukio moja. Hapo mkuu huwaita wote watete, pasiwepo kocha wala mchezaji, kisha anaamua upi usimame kwa kuangalia nani alikuwa mahali pazuri zaidi pa kuona na uamuzi upi una uwezekano mkubwa wa kuwa sahihi. Baada ya hapo mchezo unaendelea kana kwamba uamuzi wa mwisho ndio pekee uliowahi kutolewa.

Hiyo sentensi ya mwisho ni fupi kuisoma. Kuitekeleza ni balaa, na nitairudia.

Mara ya kwanza walipoteta ilikuwa awamu ya nne. Jason Varitek alikuwa amepiga mpira ulioipa Boston pointi ya kwanza, Orlando Cabrera akamfuatia, na wote wawili walikuwa kwenye beisi. Akaja Mark Bellhorn, mpigaji ambaye mashabiki wa timu yake mwenyewe walikuwa wameanza kumchoka. Aliupiga mpira mrefu kwenda upande wa kushoto. Ukaenda, ukaenda, ukafika ukutani, kisha ukadondoka uwanjani. Mwamuzi wa upande wa kushoto, Jim Joyce, akaona mpira uliogonga ukuta na kurudi, maana yake mchezo unaendelea. Bellhorn akasimama beisi ya pili.

Lakini mpira haukugonga ukuta. Ulikuwa umeshavuka ukingo wa juu na kumpiga kifuani shabiki wa mstari wa mbele, ndipo ukarudi ndani. Mpira unaovuka ukuta hewani ukiwa ndani ya mistari ni homurani: mpigaji na kila aliye kwenye beisi wanatembea mpaka nyumbani bila wa kuwazuia. Kwa hiyo tofauti kati ya ukuta na kifua cha shabiki ilikuwa tofauti kati ya Bellhorn kubaki beisi ya pili akisubiri wa kumsukuma, na pointi tatu kamili ubaoni.

Kocha wa Boston, Terry Francona, akatoka kulalamika. Waamuzi wakakusanyika. Walipoachana, ikatolewa ishara ya kidole kinachozungushwa juu: homurani. Boston 4, Yankees 0.

Ukilitazama kwa jicho la kiufundi, hili lilikuwa tukio jepesi. Joyce alikuwa anakimbia huku ameinua kichwa, akifuata mpira mweupe ulioruka juu yake kuelekea umati wa watu. Aliyesimama mbali zaidi, ametulia, anaweza kuuona vizuri zaidi mpira unapobadilisha mwelekeo. Hakuna aliyemwambia Joyce kwamba hajui kazi. Walimpa kipande cha picha ambacho yeye, kwa mahali alipokuwa, hakuweza kukipata. Na wenye kipande hicho walikuwa wengi kuliko kawaida: msimu wa kawaida waamuzi huwa wanne, lakini michezo ya mtoano huongezwa wawili pembeni, mmoja kulia na mmoja kushoto. Ni kichekesho kidogo, maana yule wa kushoto aliongezwa ili mpira wa namna hii usimponyoke mtu.

Hebu tazama Joyce alikosea kwa namna gani. Alikosea kwa kuuacha mpira ukiwa hai. Hakupiga kelele, hakuinua mikono kusimamisha chochote. Wachezaji waliendelea kucheza mpaka mwisho, na kwa hiyo palipokuja suala la kurekebisha, palikuwa na kitu kizima cha kurekebishwa. Angekosea kwa upande wa pili, yaani angetangaza faulo (mpira ulioangukia nje ya mistari) kwa mpira uliokuwa halali, mambo yangekuwa magumu mno. Neno "faulo" likishatoka mdomoni, wakimbiaji wanasimama, walinzi wanalegea, mwenye mpira anautupa chini. Baada ya hapo nani anajua yule mkimbiaji angefika beisi ya pili au ya tatu? Nani anajua mlinzi angemkamata? Ukiwauliza waamuzi sita utapata majibu sita, na yote ni ubashiri. Ndiyo maana waamuzi wa softiboli, hata wa ligi za mitaani, hufundishwa kuusikia mdomo wao kabla haujafunguka. Ukiwa na shaka, acha mpira uendelee. Kosa la kuchelewa kusimamisha huweza kusafishwa. Kosa la kuwahi kusimamisha hubaki pale pale.

Softiboli imelijenga jambo hili mpaka kwenye ishara zake. Mlinzi asiye na mpira akimzuia mkimbiaji njia, mwamuzi hasimamishi mchezo. Ananyoosha mkono wa kushoto pembeni, kimya kimya, na kuuacha mchezo umalizike kwanza. Deni limeandikwa, litalipwa mambo yakitulia.

Turudi awamu ya nane, ambako mambo hayakuwa mepesi hata kidogo.

Curt Schilling, mrushaji aliyeanza kwa Boston na kifundo cha mguu kilichoshonwa nyuzi huku soksi ikilowa damu, alikuwa ameshapumzishwa. Bernie Williams alikuwa amewapa Yankees pointi moja katika awamu ya saba. Miguel Cairo akafika beisi ya pili, Jeter akapiga na kumwingiza: 4-2. Mmoja tu alikuwa auti. Kisha ndipo Rodriguez akaupiga ule mpira wa kutambaa.

Marsh alisimama karibu na beisi ya kwanza, mahali panapotakiwa kabisa. Karibu, hata hivyo, si sawa na kuona. Kati yake na mkono wa Arroyo alikuwepo mlinzi wa beisi ya kwanza wa Boston, naye alikuwa amevutwa na mpira uleule na kuziba uwazi. Marsh aliona mkimbiaji, akaona mrushaji, akaona mpira ukiruka. Kile kibao hakukiona. Na mpira uliotoka kwenye glavu maana yake mguso haukukamilika, kwa hiyo akasema salama. Kwa macho aliyokuwa nayo, uamuzi huo ulikuwa sahihi. Naliweka hili wazi kwa sababu watu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba Marsh alilala usingizi.

Nyuma ya mdakaji alikuwa Joe West. Mpira ukipigwa namna ile, mwamuzi wa nyuma hatulii nyuma ya beisi ya nyumbani. Anatoka na kuufuata mstari kwa macho kuelekea beisi ya kwanza. Kwa hiyo West aliuona mgongo wa Rodriguez ukienda, mkono wa Arroyo ukija, na kati ya hivyo viwili palikuwa wazi. Alisimama mbali zaidi kuliko Marsh, na akaona vizuri zaidi. Waamuzi wana msemo wa kazi kwamba pembe ni bora kuliko ukaribu, na sijawahi kuona mfano wake mzuri kuliko huu.

Francona akatoka tena. Hapa ndipo watu hukosea kuelewa nguvu ya kocha. Hawezi kumlazimisha mwamuzi kwenda kuteta. Anachoweza ni kumwomba amwulize mwenzake, na mwamuzi ana hiari ya kukataa. Katika softiboli makocha wajanja huliomba hili kila mara, wakivua samaki kwenye bwawa lisilo na samaki: leo nimwombe aulize, labda mwenzake atanionea huruma. Mwamuzi anayekubali kila ombi anageuka kuwa mpira wenyewe. Anayekataa kila ombi atamaliza mchezo na kosa ambalo mtoto wa miaka kumi amelishuhudia. Marsh alikuwa na sababu ya kukubali, naye aliijua: alijua kwamba hakuona. Kumbe sababu yake haikuhusu kelele za Francona hata kidogo.

Marsh ndiye aliyekuwa pia mkuu wa kikosi, na hiyo ilirahisisha kidogo, kwa kuwa aliyeomba msaada na mwenye neno la mwisho walikuwa mtu mmoja. Wakakusanyika sita, makocha wakakaa mbali. Kikao kama hicho kikiendeshwa vizuri hakina kura. Wenye maoni watatu hawamshindi mwenye macho mmoja. Kinachotafutwa ni nani aliona nini, kisha sheria inasema nini juu ya kilichoonekana.

Sheria ilisema hivi. Mkimbiaji na mlinzi wanaweza kugongana wakati wa kuguswa, na mpira ukichomoka kwa mgongano wa kawaida wa kukimbia, mkimbiaji yuko salama. Lakini mkimbiaji haruhusiwi kutumia mikono kufanya tendo lisilo la kiuanamichezo, na mwongozo wa waamuzi wa ligi kuu ulitaja hata kuupiga mpira kibao kwa makusudi. Kwa hiyo maneno ya West yalipowekwa mezani, hapakuwa na cha kujadili tena. Rodriguez, auti kwa kuingilia mchezo.

Kwa watazamaji wengi kisa kinaishia hapo. Kwangu nusu ngumu ndiyo inaanza, maana bado kuna Jeter. Alikuwa ameshafika nyumbani, amepigana viganja na wenzake, anakunywa maji. Wapi umrudishe? Kuna atakayesema abaki na pointi yake, kwani si yeye aliyepiga kibao. Mwingine atasema apewe angalau beisi ya pili, kwani wakati wa kibao alikuwa ameshakaribia kufika. Hoja zote mbili zina mantiki ya mtaani. Kanuni ya besiboli ilizifunga zote: mpigaji akiingilia mchezo kabla hajafika beisi ya kwanza, kila mkimbiaji anarudi kwenye beisi aliyokuwa amesimama mpira uliporushwa. Kabla ya kurushwa Jeter alikuwa beisi ya kwanza. Basi beisi ya kwanza.

Piga hesabu ya kilichobadilika. Kabla ya kikao: 4-3, mmoja auti, Rodriguez yuko beisi ya pili, na akitokea mtu mmoja tu wa kuupiga mpira vizuri, mchezo uko sare. Baada ya kikao: 4-2, wawili auti, Jeter beisi ya kwanza, mbali na nyumbani. Aliyefuata, Gary Sheffield, alipiga mpira wa juu uliodakwa, ikawa auti ya tatu, awamu ikaisha. Uamuzi mmoja uliondoa pointi, ukaongeza auti, na ukarudisha nyuma beisi tatu. Kocha wa Yankees, Joe Torre, alitoka kubishana, na ungekuwa wewe ungetoka pia.

Kuirudisha hali ya mchezo mahali pale hakukuwa upendeleo kwa yeyote. Ila ona lilivyowezekana: kwa sababu ishara ya Marsh iliuacha mpira hai, kila mtu alicheza mpaka mwisho, na kanuni ilikuwa na jibu la kila aliyekuwa uwanjani. Makosa yote mawili ya usiku ule yalikuwa ya aina inayosafishika. Sidhani kama ni bahati tupu. Hawa walikuwa waamuzi wa miaka mingi, na mikono yao ilishazoea kukosea kwa upande wenye mlango wa kurudia.

Mashabiki hawakuona hivyo. Mipira na takataka zikaanza kurushwa uwanjani, Francona akawatoa wachezaji wake kwa muda, na katika awamu ya tisa polisi wenye kofia ngumu walijipanga kando ya mistari. Kubadilisha uamuzi kuna gharama hiyo. Uamuzi wa kwanza ukitolewa, nusu ya uwanja inasononeka. Ukigeuzwa, ile nusu iliyokwisha kushangilia inajiona imeporwa kitu ilichokuwa imeshakishika mkononi. Nusu hiyo ya pili ina hasira mara mbili, na waamuzi wote wanalijua hilo wanapotembea kuelekea duara.

Hapa nitoke nje ya kisa kidogo, kwa sababu ya Jim Joyce. Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, Joyce huyohuyo alikuwa mwamuzi wa beisi ya kwanza. Mrushaji Armando Galarraga alikuwa ametoa wapigaji 26 mfululizo bila hata mmoja kufika beisi, akibakiwa na mmoja ili akamilishe mchezo usio na doa, jambo adimu kuliko mengi katika besiboli. Wa 27, Jason Donald, akapiga, mpira ukawahi kufika beisi ya kwanza kabla yake, na Joyce akasema salama. Alikosea. Hakuna aliyekusanyika duara.

Watu wengi hushangaa: si wangeteta tu kama mwaka 2004? Kurekebisha kungekuwa rahisi kuliko kote, kwani hapakuwa na mkimbiaji mwingine wa kurudisha popote. Mchezo ungeisha pale pale. Tatizo lilikuwa kwingine. Mbio za mguu na mpira kuelekea beisi ni uamuzi wa jicho na sikio la aliye karibu. Miongozo ya ligi ilikuwa imeorodhesha matukio yanayofaa kutetwa: homurani au si homurani, mpira ulioponyoka baada ya mguso, mguu ulioachia beisi, shabiki aliyeingilia. Nani kawahi kati ya mguu na mpira haikuwa mojawapo, sawa na kuamua kama mpira uliorushwa ulipita eneo halali. Wenzake hawakuwa na kipande cha picha alichokosa. Wangekuwa na maoni tu. Na Joyce mwenyewe hakuwa na shaka ya kumfanya aulize, mpaka alipoiona picha ya marudio baada ya mchezo na kukiri hadharani kwamba amemnyima kijana haki yake. Kamishna wa ligi kuu, Bud Selig, alikataa kuugeuza uamuzi. Kesho yake Galarraga ndiye aliyempelekea Joyce karatasi ya majina ya wachezaji pale nyumbani, na Joyce alifuta machozi mbele ya uwanja mzima.

Kwa hiyo kuna milango miwili, na lazima yote iwe wazi. Je, yupo mwenzangu aliyeona kitu ambacho mimi sikuweza kukiona? Na je, tukigeuza, tunaweza kuurudisha mchezo mahali pake bila kubashiri? Usiku wa 2004 milango yote ilikuwa wazi mara mbili. Mwaka 2010 wa pili ulikuwa wazi na wa kwanza umefungwa. Besiboli ya ligi kuu ilikuwa imeanza kutumia picha za marudio kwa homurani Agosti 2008, na ikapanua matumizi hayo mwaka 2014. Lakini michezo mingi ya softiboli duniani haina kamera wala skrini. Ina waamuzi wawili na kocha mwenye sauti.

Tulihamishie tukio la Rodriguez huko. Softiboli ya mirusho ya kasi ina beisi zilizoachana futi 60 tu, ilhali besiboli ya ligi kuu ni 90, kwa hiyo kila kitu hutokea haraka zaidi. Mkimbiaji akiwa beisi ya kwanza, mwamuzi wa pili wa kikosi cha wawili huwa amesogea kuelekea beisi ya pili, nyuma ya mlinzi wa hapo. Mpira unatambaa kando ya mstari, mrushaji anauokota, mkimbiaji anampiga kibao. Mwamuzi wa pili anaona migongo. Aliye nyuma ya mdakaji anatoka, anavua barakoa yake huku anakimbia, na yeye ndiye anaona kibao. Nani anatoa ishara?

Kanuni za softiboli ya Marekani zinafanana na zile nilizozieleza: mwamuzi asiuweke kando uamuzi wa mwenzake uliotolewa ndani ya mipaka yake, anaweza kushauriana wakati wowote, na neno la mwisho ni la yule aliyekuwa na mamlaka ya tukio lile na ndiye aliyeomba maoni. Zina pia kipengele kimoja ninachokipenda sana. Uamuzi uliogeuzwa ukimweka mchezaji au timu mahali pabaya kwa sababu waliamini ile ishara ya mwanzo, mwamuzi mkuu ana ruhusa ya kulirekebisha, mradi mpira mwingine haujarushwa. Mkimbiaji aliyesimama kwa sababu uliinua mkono, hutamwadhibu kwa kukutii. Tatizo la Jeter limepewa sheria yake.

Lakini sheria haijibu nani aite tukio. Hilo hujibiwa nusu saa kabla ya mchezo, kando ya gari au chini ya mti, waamuzi wawili wakipeana maneno: mguso wa pembeni kwenye mstari, nani ana, mguu ukiachia beisi, nikuangalie au nikae kimya, nikihitaji msaada nitakugeukia na kukunyooshea kidole, usije kabla sijakugeukia. Wanaoruka kikao hicho ndio unaowaona wakitoa ishara mbili tofauti kwa wakati mmoja, salama huku na auti kule, na makocha wote wawili wakiwa tayari uwanjani.

Kuhusu Boston, mchezo uliisha 4-2, lakini haukuisha kwa amani. Awamu ya tisa, polisi wakiwa bado wamejipanga kando ya mistari, mrushaji Keith Foulke aliwapa wapigaji wawili nafasi ya kutembea bure hadi beisi. Tony Clark akasimama na gongo, na mpira mmoja tu wa kuvuka ukuta ungebadilisha kila kitu. Mpira wa mwisho ulipokuja, alizungusha gongo akakata hewa. West alikuwa nyuma ya mdakaji, na hakuna kati ya waamuzi watano waliobaki aliyelazimika kupiga hatua hata moja.